Briketi Zako Zina Moto Kiasi Gani? Hesabu Iliyoanza na Karai la Mandazi Adungosi

NILIKUWA nimesimama kando ya karai la mandazi pale Adungosi, nikisubiri chai ipoe kidogo, wakati gunia liliporudishwa kwa mwenyewe.

Halikurudishwa kwa upole. Mama muuza mandazi alilivuta kutoka chini ya meza, akalisukuma hadi miguuni pa kijana aliyekuwa ndiyo tu ameshuka kwenye bodaboda. "Kijana wangu, haya ni makaa ama ni matope? Mafuta yamekataa kushika moto tangu saa kumi na moja. Leo nimechoma pesa, sijachoma mandazi."

"Toto, ngoja kwanza," kijana akajibu, akitumia neno la Kiteso la kumwita mama. "Hizo ni briketi safi. Nimetengeneza mwenyewe. Tena bei iko chini kuliko makaa ya Uganda."

"Bei ya chini ya nini? Ya udongo?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana hakucheka. Aliinama, akaokota briketi moja, akaigonga kwenye mguu wa meza. Ilikuwa ngumu, nyeusi, ya mviringo, nzuri hata kwa picha. Lakini ndani ya jiko la mama zilikuwa zimelala nyingine kumi, zimevaa koti jeupe la majivu, moto umejificha katikati kama mtu aliyefunikwa blanketi.

Baadaye tukiwa wawili alinifungulia roho. Mashine ya kushindilia aliinunua kwa mkopo wa chama. Nyumbani ana magunia mengine ya kutosha kujaza chumba. Na mpishi wa shule moja ya bweni amemwambia alete gunia la majaribio. Likikubalika, atachukua kumi kila mwezi. Likikataliwa kama la mama, basi. Swali alilouliza ndilo lililonifanya niandike haya: "Buda, kwani moto unapimwa aje? Mimi najua kupima kilo. Sijui kupima joto."

Ni swali la maana kwa vijana wa upande huu wa mpaka. Kuanzia Malaba hadi Busia makaa yamekuwa bidhaa ya kuvuka mpaka kwa miaka mingi, na usambazaji wake hutetereka kila serikali moja inapokohoa. Kenya ilipiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma na ya jamii mnamo Februari 2018, na ikaondoa marufuku hiyo Julai 2023. Miezi miwili kabla ya hapo, Mei 2023, Rais Yoweri Museveni alikuwa ametoa agizo la kuzima biashara ya makaa kaskazini mwa Uganda. Kila mara bei inaporuka, mtu fulani kijijini anaangalia rundo la magunzi ya mahindi nyuma ya ghala na kusema: hii si pesa hii?

Inaweza kuwa pesa. Lakini pesa hiyo imejificha kwenye kitu kisichoonekana kwa macho, yaani kiasi cha joto kilichofungiwa ndani ya kila kilo. Cha kushangaza ni kwamba unaweza kukikadiria bila kuwasha hata kiberiti, ukijua tu mmea umeundwa kwa nini.

Anza na pakiti ya unga

Umewahi kuangalia nyuma ya pakiti ya unga wa wimbi? Huandikwa kilokalori kadhaa kwa kila gramu 100. Unadhani kuna mtu kiwandani anayechoma kila pakiti? Hakuna. Wanajua unga una wanga kiasi gani, protini kiasi gani na mafuta kiasi gani, halafu wanazidisha: gramu moja ya wanga hupewa kilokalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Unga wenye gramu 72 za wanga, 7.3 za protini na 1.3 za mafuta unatoa 288, jumlisha 29.2, jumlisha 11.7. Karibu kilokalori 329. Kwisha.

Namba hizo 4, 9 na 4 zinatokana na kazi ya Wilbur Atwater, mkemia Mmarekani wa mwishoni mwa karne ya 19. Yeye ndiye aliyechoma vyakula vingi, akapima joto lake, kisha akatoa hesabu ya kile ambacho mwili haukitumii. Kwa hivyo sisi wengine tunazidisha tu. Jasho lilishatoka zamani.

Mabaki ya shambani nayo yana hesabu yake, ila viungo vinabadilika. Jiko halijali vitamini. Mmea mkavu, uwe mti wa mkaratusi, gunzi, au bua la mtama, kwa sehemu kubwa ni vitu vitatu. Cha kwanza ni selulosi, zile nyuzi ndefu zinazoupa mmea mwili. Cha pili ni hemiselulosi, ndugu yake mlegevu anayezishikanisha. Cha tatu ni lignini, gundi ngumu inayofanya mbao ziwe mbao na si nyasi. Ukiongeza utomvu, mafuta na nta kidogo, halafu madini yanayobaki kama majivu, umemaliza.

Sasa angalia tofauti. Kilo moja ya selulosi kavu ikiungua yote hutoa takriban megajuli 17.5. Kilo moja ya lignini hutoa karibu 26. Utomvu na mafuta hupanda juu zaidi ya 30. Majivu hutoa sufuri.

(Megajuli ni nini? Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji megajuli 0.335. Kwa hivyo megajuli moja ni kama lita tatu za maji ya chai, kama joto lote lingeingia kwenye sufuria. Haliingii lote, tutafika huko.)

Kwa nini lignini inaishinda selulosi? Sababu ni oksijeni. Kuungua ni kaboni na haidrojeni kukutana na oksijeni. Selulosi tayari imebeba oksijeni yake ndani. Karibu nusu ya uzito wake, asilimia 49, ni oksijeni. Ni kama mtu anayekuja kwenye karamu akiwa ameshakula nusu sahani nyumbani. Lignini ina kaboni nyingi na oksijeni kidogo, kwa hivyo inakuja na njaa. Na makaa je? Unapochoma kuni ndani ya tanuru lililozibwa, unafukuza oksijeni na kubakisha kaboni. Ndiyo maana kilo ya makaa mazuri hukaribia megajuli 30 ilhali kilo ya kuni kavu kabisa iko karibu na 20. Hiyo haimaanishi makaa yameumba nishati mpya. Nyingine imepotea hewani kama moshi pale porini.

Gunzi moja, njia mbili

Watafiti waligeuza mambo haya kuwa fomula. Moja inayotajwa sana ni ya Shafizadeh na DeGroot ya mwaka 1976: chukua asilimia ya selulosi na hemiselulosi kwa pamoja, zidisha kwa 0.1739, chukua ya lignini, zidisha kwa 0.2663, chukua ya utomvu na mafuta, zidisha kwa 0.3219, jumlisha.

Tuseme gunzi kavu lina asilimia 80 ya kundi la kwanza, 15 ya lignini, 3 za utomvu na 2 za majivu. Hesabu inakuja 13.91, jumlisha 3.99, jumlisha 0.97. Jibu ni megajuli 18.9 kwa kilo.

Shida ni kwamba kupima lignini si mchezo. Kunahitaji asidi kali, muda na maabara. Hapo ndipo njia ya pili inapendeza, kwa sababu inahitaji mizani nzuri na tanuri tu. Unaweka sampuli kwenye nyuzi 105 hadi iache kupungua uzito. Kilichopotea ni maji. Unaifunika kwenye kikombe cha udongo wa kauri na kuiingiza kwenye nyuzi 900 kwa dakika saba. Kilichotoroka ni gesi na moshi. Unachoma kilichobaki hadi kiishe; mabaki ni majivu. Tofauti ni kaboni iliyobaki imara. Mnamo 2005 watafiti wa India, Parikh, Channiwala na Ghosal, walitoa fomula inayotumia namba hizo tatu tu: kaboni imara mara 0.3536, jumlisha gesi mara 0.1559, toa majivu mara 0.0078.

Gunzi letu tena: kaboni imara 18, gesi 80, majivu 2. Tunapata 6.37, jumlisha 12.47, toa kitu kidogo sana. Jibu: 18.8.

Njia mbili tofauti kabisa, moja ikiuliza "umeundwa na nini" na nyingine ikiuliza "unavunjika vipi motoni", zinakutana kwenye namba ile ile. Mimi sikuwa mkali wa kemia shuleni, lakini hiyo ilinikaa.

Kuna ya tatu, inayohesabu elementi zenyewe: kaboni, haidrojeni, oksijeni na wenzao. Wazo lake ni la zamani, la Mfaransa Pierre Louis Dulong aliyefariki 1838, na lilitumika sana kwa makaa ya mawe. Channiwala na Parikh waliiandika upya mwaka 2002 ili ifae kuni, mafuta, gesi na hata takataka, na kosa lake la wastani ni asilimia 1.45 tu. Nimeijaribu kwa makapi ya mchele, yale yanayorundikwa kwenye vinu vya mpunga wa Bunyala. Ukiweka kaboni 38, haidrojeni 5, oksijeni 36.5 na majivu 20, unapata megajuli 15. Kuni zenye kaboni 50 na majivu 1 zinatoa 20. Tofauti hiyo ya robo nzima inasababishwa zaidi na majivu. Makapi ya mchele yamejaa silika, yaani kitu kile kile kilicho kwenye mchanga. Unanunua mafuta ya jiko na unauziwa mchanga ndani yake, na wa kulaumiwa ni mpunga wenyewe.

Tulipoomba mizani dukani

Rudi kwa kijana wetu. Hakuwa na tanuri la nyuzi 900. Alikuwa na jiko na shauku, na jirani yake ana duka la nafaka lenye mizani ya kidijitali. Basi tukafanya lile moja linalowezekana: kupima majivu.

Alichukua kilo moja kamili ya briketi zake, akaziwasha kwenye jiko lililosafishwa vizuri, akaacha ziungue hadi zikawa unga mweupe na hakuna hata chembe nyekundu. Ilichukua mchana mzima. Wateja wa duka walituangalia kama wagonjwa. Majivu yalipopoa tukayakusanya kwa brashi ya rangi na kuyapima.

Gramu 310.

Alikaa kimya. Akapima tena. Gramu 310. Karibu theluthi ya kila gunia alilokuwa akiuza haikuwa na uwezo wa kuungua hata kwa maombi. Sehemu ya makaa isiyo na majivu hutoa karibu megajuli 31 kwa kilo. Zidisha kwa 0.69, unapata 21 na kidogo, tena hapo tunamhurumia, kwa sababu bado hatujatoa maji.

"Ni udongo," akasema. Alijua. Video aliyoangalia mtandaoni ilisema udongo wa mfinyanzi unashika vizuri na ni bure. Kweli unashika, na ni bure. Vilevile ni majivu tayari kabla hujawasha. Juu ya hapo, vumbi la makaa alilokuwa akifagia kwa wauzaji lilikuja na mchanga wa barabarani.

Nisimwonee, udongo una kazi yake. Hupunguza kasi ya kuungua, na kuna watu wanaotaka hivyo hivyo. Mtu anayepika githeri au maharagwe anapenda moto wa kudumu, usio na haraka. Joto jingi na joto la haraka ni vitu viwili, na fomula zote hizi zinakupa la kwanza tu. Mama wa mandazi anahitaji mafuta yapande moto upesi na yakae hapo, kwa hivyo briketi za udongo zilimkosesha vyote viwili. Lakini kama unauza udongo, sema unauza udongo, na bei iseme hivyo.

Hapo kwenye bei ndipo hesabu inauma. Tuseme makaa mazuri, yenye kaboni imara 75, gesi 20 na majivu 5, yanauzwa shilingi 60 kwa kilo. Fomula ya 2005 inayapa megajuli 29.6. Hiyo ni kama shilingi 2.03 kwa kila megajuli. Tuseme briketi yenye kaboni imara 45, gesi 25 na majivu 30 inauzwa shilingi 40 kwa kilo. Inapata megajuli 19.6. Gawanya: shilingi 2.04.

Umeona? Bei imeshuka kwa theluthi na mteja hajaokoa hata senti moja. Tena amebeba mzigo zaidi na kumwaga majivu zaidi. Mama hakujua hesabu hii lakini karai lake liliijua. Lita 10 za maji zinahitaji megajuli 3.35 kufika kuchemka. Kwa jiko la kauri, lile lenye kiuno lililoenea Kenya kuanzia miaka ya 1980, tuseme asilimia 30 ya joto ndiyo inayoingia kwenye sufuria. Utahitaji megajuli 11 hivi. Ni gramu 380 za makaa yale, au gramu 570 za briketi zile.

Mwizi anayeitwa maji

Majivu angalau unayaona. Maji ni mwizi wa usiku.

Unapochoma kitu chenye unyevu, unalipa mara mbili. Kwanza, kila gramu ya maji imechukua nafasi ya gramu ya mafuta ya jiko. Pili, ni lazima moto uyageuze maji hayo kuwa mvuke, na kilo moja ya maji inakula megajuli 2.44 kabla ya kukuachia chochote. Kuni zenye megajuli 20 kwenye fomula zinabakiwa na karibu 14.5 zikiwa na unyevu wa asilimia 20. Zikiwa mbichi, nusu maji, zinashuka hadi 8. Kuni zile zile! Ndiyo maana nyanya yako anayepanga kuni juu ya dari ya jikoni miezi mitatu kabla ya kuzitumia ni mhandisi, ingawa hakuna aliyempa cheti.

Ile briketi yetu ya megajuli 19.6 ikiuzwa wakati wa mvua na unyevu wa asilimia 15, inabaki na 16 na ushee. Kwa shilingi 40, mteja sasa analipa karibu shilingi 2.45 kwa megajuli. Makaa yamekuwa rahisi kuliko mbadala wake.

Viwanda vikubwa vinaishi na hesabu hii kila siku. Mumias, si mbali kutoka huku, ilianza mwaka 2009 kuuzia Kenya Power megawati 26 za umeme uliotokana na makapi ya miwa, kabla ya kampuni kuingia mikononi mwa mrasimu 2019. Makapi yakitoka kwenye kinu huwa karibu nusu yake ni maji, kwa hivyo yale ambayo fomula inayapa 18 au 19 yanaingia kwenye boila yakiwa na 7.5 hivi. Kakira kule Jinja wanafanya biashara hiyo hiyo. Hima Cement ya Kasese imechoma maganda ya kahawa badala ya sehemu ya mafuta yake ya kawaida. Hakuna hata mmoja wao anayenunua kwa kuangalia ukubwa wa lori. Wananunua megajuli, lori ni gunia tu.

Na gugu maji la Ziwa Victoria? Kila mwaka kuna kikundi kinachotangaza kuwa litakuwa makaa ya kesho. Napenda ari hiyo. Lakini gugu maji likivuliwa, zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, na ukilikausha linabaki na majivu mengi. Fanya hesabu kabla ya kukodi mtumbwi.

Pale ambapo fomula inaishia

Nisiwauzie ndoto. Fomula hizi ni wastani uliotolewa kwenye sampuli nyingi zilizochomwa kwa ukweli ndani ya kalorimita ya bomu, chombo cha chuma kinachofungwa na gramu moja ya mafuta ya jiko ndani, kikajazwa oksijeni kwa shinikizo la juu, kikazamishwa kwenye maji na kuwashwa kwa umeme. Maji yakipanda nyuzi kiasi fulani, joto limejulikana. Ile ya 2005 ina kosa la wastani la chini kidogo ya asilimia 4. Kwa biashara ya kijijini hiyo inatosha na kubaki. Kwa mkataba wa mamilioni, peleka sampuli maabara. KIRDI jijini Nairobi hupima majiko na mafuta yake, na upande wa pili wa mpaka Chuo Kikuu cha Makerere kina kituo cha CREEC kinachofanya kazi hiyo hiyo.

Tena fomula haikwambii kuhusu moshi. Gunzi ambalo halijachomwa kuwa makaa lina gesi asilimia 80, na gesi hiyo ndiyo inayokutoa machozi jikoni ikikosa hewa ya kutosha. Megajuli 18.8 za gunzi ndani ya nyumba isiyo na dirisha si zawadi. Hili ni jambo zito kwa nchi ambayo, kwa mujibu wa sensa ya 2019, zaidi ya nusu ya familia zake hupika kwa kuni.

Lakini kwa mtu anayechagua leo kati ya rundo la magunzi, maganda ya muhogo, makapi ya mchele na machicha ya ajon, hesabu inampa mpangilio. Magunzi yako mbele: majivu kidogo, yanakauka upesi, na hapa kila boma linayo baada ya mavuno. Maganda ya muhogo yanatofautiana kwa sababu huja na udongo wa shambani. Yaoshe au uyaache. Makapi ya mchele yanafaa mahali penye kinu jirani, pasipo gharama ya kusafirisha mchanga wake. Machicha ya ajon, bana, mpe nguruwe. Yamelowa mno, na wanga mwingi umeshanywewa kwa mirija.

Mchanganyiko mpya

Wiki mbili baadaye nilipita tena Adungosi. Kijana alikuwa ameacha udongo kabisa. Anachekecha vumbi la makaa kwa wavu wa dirisha, mara mbili, na kutoa mchanga kabla ya kuchanganya na magunzi aliyoyachoma kwenye pipa. Kinachoshika sasa ni uji wa muhogo. Hapa ni Teso, muhogo hauhitaji kutafutwa mbali. Anachukua ule uliokatika na usiouzika. Ananiambia anatumia kama kilo nane za unga kwa kila kilo mia moja. Wanga nao unaungua, megajuli 17 hivi kwa kilo, kwa hivyo hata gundi yake sasa inalipa kodi ya nyumba.

Alikuwa na daftari. Tarehe, uzito kabla ya kukausha, uzito baada ya kukausha, gramu za majivu kwa kila kilo. Safu ya mwisho ilianza na 310. Ikafuata 190, siku aliyochekecha mara moja. Halafu 140. Halafu 125.

Nikapiga hesabu pembeni ya chai yangu. Majivu asilimia 12.5 yanamweka kwenye megajuli 26 hadi 27 zikiwa kavu. Si sawa na makaa mazuri ya mgumu au mshita, lakini kwa bei yake mteja sasa anaokoa kitu. Bei ameipandisha kidogo, na sikumlaumu. Unga wa muhogo una gharama, na kuchekecha ni jasho.

"Mpishi je?" nikamuuliza.

"Gunia limeenda jana. Nimeweka na karatasi ndani, nimeandika majivu ni kiasi gani. Akipima akute ni uongo, anirudishie."

Mama wa mandazi alikuwa akimsikiliza huku akigeuza mandazi. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akasukuma mkebe mtupu kwa mguu hadi mbele yake.

"Jaza huo mmoja. Pesa utakuja kuchukua saa nne, nikishaona mafuta."

Kijana akajaza mkebe, akaenda kuketi kwenye bodaboda yake, uso ukielekea karai.